Kuota Moto Katika Nyumba Isiyo na Meko

Ndugu msomaji, wewe uishiye Dar es Salaam au Tanga huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu unazungumzia moto wa kuota, hali wewe usiku kucha unatafuta upepo. Lakini jamaa zetu walioko Mbeya, Njombe, Mafinga na Lushoto wanajua tunanena nini. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya nyanda za juu huingia sebuleni jioni mapema, ikaketi pamoja na wenye nyumba mpaka asubuhi. Kule Makete, katika uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ziko alfajiri ambazo majani huamka meupe kwa sakitu.

Wazee wetu walikuwa na jawabu lao. Moto uliwaka katikati ya nyumba, na moshi ukajitafutia njia kwenye paa la nyasi. Wajerumani nao walipojenga nyumba zao Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, na Tukuyu, waliyoiita Neu Langenburg, walileta desturi ya kwao ya meko ya ukutani yenye dohani ya kutolea moshi. Nyumba zetu za leo hazina hili wala lile. Ukuta ni wa tofali za saruji, juu ni bati na dari, na dirisha ni la alumini lifungwalo likashikamana. Basi mwenye nyumba, au mpangaji mwenye chumba kimoja, hushika lililo karibu: jiko la mkaa.

Hapa hatuna budi kusema wazi, maana ndipo penye roho za watu. Watu wengi huliwasha jiko nje, wakangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha wakaliingiza chumbani kwa kuamini kwamba sasa limekuwa salama. Si salama hata kidogo. Makaa hayo mazuri ya kutazama hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kushikamana na chembechembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba pumzi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hupatwa na usingizi mzito. Akiwa amekwisha kulala, haamki kufungua dirisha. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga ndio walio hatarini zaidi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, na umpeleke hospitali bila kungoja.

Je, afanye nini basi yule atakaye joto, na tena atake sebule yake ipendeze machoni pa wageni? Siku hizi madukani yapo meko ya umeme. Kwa nje huonekana kama meko halisi: kuna magogo ya bandia, na ndimi za moto zinazocheza, ambazo kwa kweli ni taa ndogo na vioo tu. Chini au juu yake umefichwa waya wa joto pamoja na feni. Uzuri wake ni kwamba hayachomi kitu, kwa hiyo hayahitaji dohani na hayatoi sumu ile. Waweza pia kuwasha ndimi peke yake bila joto, kwa umeme mdogo mfano wa balbu, ukapata furaha ya macho usiku usio na baridi kali. Sisi tunayaona ni mapambo halali, ingawa wako watakaocheka kwamba mtu anaota picha ya moto.

Bali mkumbuke bei ya umeme. Meko ya wati 2,000 yakiwaka kwa joto kamili saa 3 kila jioni hula uniti 6, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 180. Zidisha kwa bei unayonunulia uniti zako kabla hujatoa fedha dukani. Na msidanganywe na muuzaji: uniti moja ya umeme hutoa joto lile lile katika hita ya bei ndogo na katika meko ya fahari. Unacholipia zaidi ni sura. Chombo kinachoshinda hesabu hii ni kile kiyoyozi cha aina iwezayo kugeuzwa kikaleta joto, ambacho huvuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, kikatoa kiasi cha uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme. Si kila kiyoyozi kina uwezo huo, ulizeni.

Wati 2,000 ni karibu ampea 9. Soketi ya ukutani iliyofungwa vizuri huzimudu, lakini waya mwembamba wa ekstensheni, ambao tayari umebeba televisheni na pasi, huyeyuka. Chomekeni meko moja kwa moja ukutani.

Meko ya aina ya pili ni ya ethanoli, yaani pombe safi itokanayo na mimea kama miwa. Moto wake ni wa kweli, hauna moshi wala majivu, na umeme ukikatika wenyewe haujali. Lita moja hutoa joto la karibu uniti 6. Walakini moto huo hula oksijeni ya chumba, hivyo dirisha liachwe wazi kidogo, na chumba cha kulala si mahali pake. Hatari kubwa iko katika kujaza. Ndimi za ethanoli hazionekani vizuri mchana. Mtu hudhani moto umezimika, akamimina, na mvuke ukalipuka mikononi mwake. Zimeni, ngojeni chombo kipoe kabisa, ndipo mjaze. Na kwa wale wenye akili za njia ya mkato: gongo si ethanoli ya meko, maji yaliyomo ni mengi mno.

Fundi mwashi wa mtaani aweza kuyatengenezea meko ya umeme makao ya kupendeza kwa tofali za kuchoma, na seremala akaweka rafu ya mninga juu yake. Mwelezeni tu asizibe tundu la kutolea hewa ya moto, na mapazia na makochi yakae umbali wa mita moja.

Ila kabla ya yote hayo, tazameni juu. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto usiku kucha, na hakuna meko ya kuishinda. Dari kwanza, kisha pazia zito, kisha kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango. Kuziba nyufa hivyo ni sawa kwa anayetumia umeme. Anayechoma chochote kile asizibe.

Wakati wa kulala zimeni kila kitu. Chupa ya mpira yenye maji ya moto ikiwekwa chini ya blanketi huwapasha watoto miguu kwa shilingi chache. Isijazwe zaidi ya theluthi mbili, maji yasiwe ya kutokota, na iviringishwe kwa taulo isije ikawaunguza.