Akili unde imlinde korongo, imlinde na mvuvi

Ukitoka Sindo ukashika njia ya Bonde la Lambwe, hukawii kufika katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Hapo ndipo makao ya pekee nchini Kenya ya korongo, yule swara mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu.

Siku hizi twaambiwa kuwa akili unde ndiyo itakayowaokoa wanyama wetu. Sipingi. Mnamo 2018 kamera ndogo zilifichwa vijiani huko Grumeti, magharibi mwa Serengeti nchini Tanzania. Siku hizi kamera za namna hiyo hubainisha zenyewe kama aliyepita ni mtu au mnyama, kisha huwapelekea askari picha papo hapo. Huko Grumeti wawindaji haramu wapatao 30 walinaswa. Hiyo ndiyo kazi inayohitajika Ruma. Korongo wachache hivyo hawahitaji mtambo wa kuwahesabu. Wanahitaji mtega nyaya akamatwe kabla hajatega.

Hata hivyo, nina swali moja. Je, mtambo huo utamlinda mnyama peke yake? Usiku unapoingia, kiboko hutoka ziwani na kuvamia mashamba ya watu wa Sindo, na mvuvi arejeaye alfajiri hajui atakutana na nini ufuoni. Kamera imtambuayo mwindaji gizani yaweza kufundishwa kumtambua kiboko, na onyo likafika katika simu za wenyeji. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa anayeuawa, lakini familia nyingi husubiri kwa miaka, na hakuna fidia imrudishayo mzazi.

Wapo watakaosema kwamba fedha ni chache, na korongo atangulie. Nawajibu kuwa kamera haimkimbizi mtu. Lazima pawe na askari, gari na mafuta, na zaidi ya yote, raia aliye tayari kutoa habari. Raia huyo hatapatikana ikiwa anaona swara analindwa kwa mitambo ya thamani huku yeye akiachiwa tochi na kelele.

Kwa hivyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na serikali ya Kaunti ya Homa Bay hazina budi kuwashirikisha wakazi tangu mwanzo, na kuweka kamera ufuoni kama zitakavyowekwa mbugani. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akili unde ni mgeni. Na ije, lakini mwenyeji naye apone.