Usafi Nyumbani: Bafu la Wazee

Huko Nalukolongo, jijini Kampala, ipo nyumba ya kuwatunzia wazee na walemavu, iliyoasisiwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978. Masista wa Msamaria Mwema ndio waitunzao, na Baba Mtakatifu Fransisko aliizuru tarehe 28 Novemba 2015. Katika nyumba ya namna hiyo, ambamo watu wengi dhaifu huogea mahali pamoja, bafu lahitaji uangalifu kuliko vyumba vingine vyote. Kazi ni ile ile katika nyumba ya askari kambini, ambako mama mzazi ameletwa kutoka kijijini ili atunzwe.

Ngozi ya mzee ni nyembamba na huchubuka upesi. Aghalabu mzee asiyeweza kuinuka huwa na vidonda vya kulalia. Choo kikimtoka anapoogeshwa, vijidudu husalia sakafuni, ndani ya beseni, na hasa chini ya ukingo wa kiti cha plastiki anachokalia: hapo ndipo mwogeshaji ashikapo anapokisogeza, na hapo ndipo brashi isipofika. Mzee afuataye huketi juu yake.

Kosa lililoenea ni kumwaga Jik juu ya uchafu na kwenda zako. Harufu huwaridhisha wapitao, lakini dawa hiyo hupoteza nguvu ikutanapo na kinyesi, damu au usaha. Hapana budi uchafu uondolewe kwanza, kisha mahali pasuguliwe kwa sabuni na brashi na kusuuzwa; ndipo dawa ifuate. Ikiwa kibandiko cha chupa chaonyesha asilimia 3.5, kikombe 1 cha Jik huchanganywa na vikombe 6 vya maji baridi, kwa mahali palipoingia kinyesi au damu. Iachwe dakika 10, halafu pasuuzwe vizuri, maana dawa iliyosalia kitini huunguza ngozi. Mchanganyiko wa jana umekwisha kupungua nguvu. Kamwe Jik isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi: hewa itokayo humo ni sumu, na bafu nyingi zina kidirisha kidogo tu.

Askari hawana sababu ya kuidharau kazi hii. Katika vita vya Krimea, hospitalini Scutari huko Uturuki, maradhi yaliwaua askari wa Kiingereza wengi kuliko majeraha. Mifereji ya maji machafu iliposafishwa mwaka 1855, vifo vilipungua sana.

Zamu nayo ina maana. Mwenye kuhara au kidonda kinachotoa usaha huogeshwa mwisho. Hapo pana ugumu, kwani mzee aliyezoea kutangulizwa katika ukoo wake huenda akaona amedharauliwa. Yafaa aelezwe mapema, faraghani, wala si mlangoni mbele ya wenzake wenye taulo mabegani.

Kila mzee awe na taulo lake na sabuni yake. Dodoki, ambalo watu wa Kampala huliita kyangwe, lisitumiwe na wawili, kwa kuwa nyuzi zake hukaa na unyevu na vijidudu huzaliana humo. Kitambaa laini kinachofuliwa na kuanikwa kila siku ni bora zaidi. Beseni nalo, likishasuguliwa, lifudikizwe juani mpaka likauke kabisa.