MAJI MACHAFU YA UANI NI YA NANI?

Yako mambo ambayo mtu mwenye adabu huona haya kuyataja mbele ya watu, na bomba la choo ni mojawapo. Lakini ugonjwa hauna haya. Basi na sisi leo tutayasema.

Wengi wetu tuliopanga Kariakoo twajua mambo yalivyo. Zamani nyumba ya mtaa huu ilikuwa ya chini, vyumba sita, ukumbi katikati, na choo cha shimo uani, waliokitumia walihesabika. Leo mahali pengi pa nyumba zile pamesimama ghorofa, maduka chini na watu juu, na maji ya wote yashuka katika bomba moja. Nasi twalitupia kila kitu. Mafuta ya kukaangia humiminwa yangali ya moto, yakifika chini hupoa na kuganda kama samli. Mchanga wa kusugulia masufuria, majani ya chai, nywele, vitambaa na nepi za watoto hunaswa humo, na siku moja njia hufungwa.

Katika nyumba tunayokaa sisi, masika yaliyopita, chemba ya uani ilifurika. Wa ghorofa ya juu alisema kwake maji yapita. Mwenye duka alisema yeye hana jiko. Mwenye nyumba alisema walioziba ni wapangaji. Sisi nasi, watu tuliosoma, tulipanga matofali tusiloweshe viatu, tukaenda zetu kazini. Siku ya nne watoto wawili waliharisha. Fedha tulizotoa kwa dawa na kwa gari zilizidi ujira wa fundi ambao tulikataa kuuchanga. Naye alipokuja alitoa tambara la kupigia deki na donge la mafuta, kazi ya asubuhi moja tu. Twakiri kosa hili kwa kuwa twajua si la nyumba yetu peke yake.

Yatupasa basi kujua machache. Sinki moja likituamisha maji na mengine yakipitisha, kasoro imo katika bomba la sinki lile: weka ndoo, fungua kiwiko kilicho chini yake, toa uchafu. Choo na bafu vikigoma pamoja, njia kuu imeziba. Hapo vifunuliwe vifuniko vya chemba moja baada ya moja. Palipo na chemba iliyojaa, na ile inayofuata ni kavu, uzibo umo kati ya hizo mbili, na fundi apitishe fimbo zake hapo. Tusikimbilie dawa kali wala maji yanayochemka, kwani dawa huunguza macho na ngozi, na maji hayo hulegeza mabomba ya plastiki. Tena mtu asiingie kamwe katika shimo la choo wala chemba yenye kina. Hewa iliyomo huua, na amfuataye kumwokoa hufa naye.

Uzibo ukirudi kila mwezi, tujue kwamba kuna kasoro katika bomba lenyewe. Bomba la inchi 4 lataka kushuka futi 1 kwa kila futi 40 za urefu wake. Likilala, uchafu hukaa. Au limepasuka, na mizizi ya mti imeingia. Hapo kuzibua ni kujidanganya, sharti lifukuliwe. Lakini uzibo ukiwa katika bomba kubwa la barabarani, hiyo ni kazi ya DAWASA, na iliyo yetu ni kupeleka habari upesi, si kunung'unika dirishani.

Jambo moja twalikemea. Mvua inyeshapo, wako wanaofunua chemba ili maji ya uani yaingie, na wengine hutapisha vyoo mitaroni. Maji ya mvua hayana haki katika bomba la choo. Hulijaza hata likamwagikia jirani aliye chini. Na uchafu utapishwao mtaroni hupita mbele ya mama auzaye chakula na mtoto achezaye. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kikaenea mikoani, kilitufundisha hayo kwa misiba.

Shauri letu ni hili. Kila nyumba iwe na mfuko wake. Kila chumba na kila duka litoe kiasi kidogo kwa mwezi, na mwenye nyumba atoe fungu lililo kubwa zaidi, kwani bomba ni mali yake. Achaguliwe mtu mmoja kushika hesabu. Chemba zifunuliwe na kusafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli, si baada ya kufurika. Sisi makarani twaandika hesabu za serikali mchana kutwa. Itakuwa aibu tukishindwa na daftari moja la uani.

Haya ndugu, na tuanze mwezi huu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba asiyezibua bomba atauguza watoto. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na aliandike, nasi tutalisoma kwa furaha.