Ukitembezwa Quanzhou, uliza mawe ya makaburi yalifikaje ukutani

Wewe uliyepata ufadhili wa kusoma Uchina, au unayepanga safari ya Guangzhou kuleta mzigo wa viatu, sikia hii. Ukibakiwa na siku mbili, panda treni ya kasi uende Quanzhou, mji wa pwani katika mkoa wa Fujian. Lipa mtu akutembeze mitaa ya zamani kwa miguu. Miguu itauma lakini hutajuta. Ila usikubali kutembezwa nusu.

Anzia mtaa wa Xi Jie, kwenye hekalu la Kibudha la Kaiyuan lililoanzishwa mwaka 686. Watu wengi hupiga picha ile minara miwili ya mawe ya karne ya 13, kila mmoja zaidi ya mita 40, halafu wanaondoka. Wewe zunguka nyuma ya ukumbi mkuu. Kuna nguzo mbili zimechongwa miungu ya Kihindu. Ndiyo, Kihindu, ndani ya hekalu la Wabudha! Wafanyabiashara kutoka India walikuwa na hekalu lao mjini humo, na lilipokufa mawe yake yakatumika kwingine.

Shuka na barabara ya Zhongshan hadi mtaa wa Tumen, ufike Msikiti wa Qingjing. Ulijengwa mwaka 1009, ukakarabatiwa 1310. Lango lake ni la mawe ya granite, na maandishi ya Kiarabu bado yanasomeka. Ukumbi wa swala hauna paa, unaswaliwa na mvua tu. Hatua chache kando yake kuna hekalu la Guandi, moshi wa udi haukatiki. Ukiendelea kusini, karibu na magofu ya lango la Deji, ndiko wageni wengi walikokaa enzi hizo. Waarabu na Waajemi waliuita mji huu Zaitun. Ibn Battuta, yule yule aliyelala usiku mmoja Mombasa mnamo 1331, anaeleza kwenye kitabu chake kwamba alishuka pia Zaitun.

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha maeneo 22 ya Quanzhou kuwa urithi wa dunia, na tangu hapo hadithi inayouzwa ni moja: dini zote, mataifa yote, mtaa mmoja, amani. Ni hadithi tamu. Pia inapendeza kwenye picha, hasa ukikodi yale maua ya kichwani kama ya wanawake wa kijiji cha Xunpu, jinsi vijana wote wanavyofanya siku hizi.

Lakini si ati amani ilidumu. Mwaka 1357 kikosi cha askari Waislamu, wakiongozwa na Waajemi, kiliasi utawala wa Yuan na kuushika mji. Vita vilidumu karibu miaka kumi. Vilipozimwa mwaka 1366, wageni walichinjwa, hata wale ambao hawakuwahi kushika upanga. Waliopona walikimbia. Na usidhani wageni walikuwa malaika: karne moja kabla, tajiri Pu Shougeng, mwenye asili ya Kiarabu au Kiajemi, aliwafungulia Wamongoli mji na kuwaua watu wa ukoo wa mfalme wa Song.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu ile nusu tamu ndiyo sisi tunaletewa kila kunapokuwa na hotuba ya urafiki. Tunaambiwa kuhusu Zheng He na meli zake. Ni kweli, na huko Quanzhou, kwenye makaburi ya Kiislamu ya Lingshan, kuna jiwe linalosema alifukiza udi hapo mwaka 1417, kabla ya safari iliyofika hadi Malindi. Sawa. Lakini Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli Guangzhou, Wakenya wakiwemo, wakalala barabarani na mabegi yao. Sisemi ni kitu kimoja na 1366, hakuna aliyechinjwa. Nasema kijana anayeenda kukaa nchi ya watu kwa visa ya mwaka mmoja ana haki ya kujua mtaa wa wageni huwa unakufa vipi.

Kwa hivyo muulize anayekutembeza, kwa adabu: watu wa Zaitun walienda wapi? Akikuruka, nenda mwenyewe kwenye Jumba la Makumbusho ya Bahari. Humo utaona mawe ya makaburi ya Waislamu na Wakristo. Mengi yalikuwa yamegeuzwa mawe ya kujengea ukuta wa mji, jina la marehemu likitazama ndani ya udongo. Ukuta ulipobomolewa katika karne ya 20, mwalimu wa shule, Wu Wenliang, alianza kuyakusanya, na mwaka 1957 akachapisha kitabu kuyahusu.

Na ukibaki na nusu siku, fika Chendai, nje kidogo ya mji. Ukoo wa Ding wanaishi pale. Wanajihesabu kizazi cha wafanyabiashara Waislamu wa Zaitun, na jina lenyewe, wanasema, ni kipande cha mwisho cha jina la Kiarabu lenye "din". Wengi wao hawaswali tena na nguruwe wanakula. Lakini siku ya kuwatolea mababu sadaka, nyama ya nguruwe haiwekwi mezani.