Kasi ya kompyuta na mizani ya sola Longech

Anayetaka kompyuta ya kuendeshwa kwa sola Longech, ufuoni mwa Ziwa Turkana, asitazame kasi pekee. Prosesa ya Intel, Core i9-14900K ya mwaka 2023, ina viini 24. Kazi ikiwa nzito hufikia wati 253. Ryzen 7 7700 ya AMD, ya mwaka huo huo, ina viini vinane na hukomea wati 88. Kwa mzigo huo, ya kwanza humaliza uniti moja kwa takriban saa nne, ya pili saa 11. Katika kuhariri filamu, Intel hushinda waziwazi. Kwa barua na hesabu za samaki, zote hula umeme kidogo, na kasi ya ziada haionekani. Kinachoonekana ni gharama: paneli na betri hununuliwa kwa kadiri ya mzigo mzito, si mwepesi.