Joka la Wawel: Madai Matano Yasiyosimama

Chini ya kilima cha Wawel mjini Kraków, Poland, kando ya Mto Wisła, sanamu ya joka hutema moto kila baada ya dakika chache. Juu ya kilima ndipo lilipo kasri la wafalme wa zamani. Wageni ni wengi, na madai yanayosambaa kuhusu joka hilo ni mengi vilevile. Tuyapime moja moja.

Dai la kwanza: sanamu ni ya kale sawa na kasri. Sivyo. Kasri lilijengwa upya katika karne ya 16, baada ya kuungua mwaka 1499. Sanamu aliibuni mchongaji Bronisław Chromy mwaka 1969, ikasimamishwa mbele ya pango la joka mwaka 1972. Moto wake ni wa gesi asilia. Hata umbo lake huwapotosha watu: wengi huona kichwa kimoja na miguu sita ya mbele, kumbe hiyo “miguu” nayo ni vichwa, na jumla yake ni saba.

Dai la pili: tangu mwanzo, aliyeliua joka ni fundi viatu. Hadithi wanayosimuliwa watoto husema hivyo: fundi maskini alijaza kiberiti katika ngozi ya kondoo, joka likaimeza, likawaka kiu, likanywa maji ya mto hadi likapasuka. Lakini masimulizi ya zamani zaidi tuliyo nayo, ya Wincenty Kadłubek, askofu wa Kraków aliyeandika yapata mwaka 1200, hayamtaji fundi yeyote. Humo wanaoliua joka ni wana wawili wa mtawala Krak, kwa ngozi za ng’ombe zilizojazwa kiberiti kinachowaka. Kisha mdogo anamuua kaka yake, analisingizia joka na kurithi utawala, mpaka uovu wake unapofichuka naye anafukuzwa nchini. Hicho kilikuwa kisa cha uchu wa madaraka. Fundi viatu, aitwaye Skuba, aliingia katika maandishi ya karne ya 16, na tangu hapo sifa ikahama kutoka kwa wana wa mfalme kwenda kwa mtu wa kawaida mwenye akili. Anayesema hadithi haikubadilika anafuta mageuzi yake makubwa kuliko yote.

Dai la tatu: mifupa iliyoning’inizwa kwenye mlango wa Kanisa Kuu la Wawel ni ya joka. Mifupa ipo kweli, na imani ya kwamba ikianguka dunia itakwisha ipo pia. Ila ni ya mamothi, nyangumi na kifaru mwenye manyoya.

Dai la nne: wanasayansi wamelipata joka lenyewe. Mwaka 2012 watafiti walimtangaza mtambaazi mkubwa mla nyama waliyemwita Smok wawelski, yaani joka la Wawel. Masalia yake yalipatikana Lisowice, si Kraków, na aliishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla ya binadamu yeyote kuwapo wa kumsimulia. Alipewa jina la hadithi kwa heshima tu. Hadithi haikutoka kwake.

Dai la tano: kama ni hivyo, joka ni chambo cha watalii tu. Hili nalo linapotoka, kwa upande wa pili. Kadłubek aliandika karne nyingi kabla ya utalii. Biashara imelikuta joka likiwa tayari mali ya watu wa Kraków.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kadłubek apewe kisa chake cha ndugu wawili, waandishi wa karne ya 16 wapewe fundi wao, Chromy apewe sanamu yake, na mamothi arudishiwe mfupa wake. Ukifika Wawel, msomaji, furahia moto huo, kisha wasimulie wenzako hadithi pamoja na umri wake halisi.