Maskini Si Ngazi Yako ya Mbinguni

Mhubiri alitoka Nairobi, akahubiri saa mbili nzima chini ya mabati hapa Dagahaley, jua likituchoma hadi ubongo. Hatukuwa wengi. Wakristo kwenye kambi hii ni wachache mno, karibu wote tunajuana kwa majina. Swali lake mmeshalisikia: ukifa usiku wa leo, una hakika utaenda wapi? Halafu akatupa kipimo. Angalia matunda yako. Mwaka huu umelisha nani? Umemvika nani? Kama huoni kitu, jiulize kama uliokoka kweli ama uliinua mkono tu.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa Kivu, ambaye huwa namsomea barua za ofisini, hakuinuka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nalishwa huu mwaka wa kumi na mbili. Niliyemlisha ni nani?"

Sikuwa na jibu. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hata ningemaliza, sikuwa nasomea theolojia. Lakini nimelala na hilo swali wiki kadhaa, na sasa nina hasira kwa niaba yake.

Hebu tazama. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 na 1992, zikakusudiwa watu kama 90,000. Miaka zaidi ya 30 baadaye, kuna watu waliozaliwa humu na kuzalia humu, na wengi wao wanaishi kwa mgao. Kutoka ni kwa kibali. Kazi ya maana ni ya kubahatisha. Mweke mwamini hapo, halafu umwambie uhakika wa wokovu wake utaonekana kwa anachotoa. Uhakika utakuwa umewapa nani? Maafisa wenye beji na wageni wa wikendi. Yule wa kwenye foleni umemwambia akapimwe tena. Mbinguni kwenyewe kutakuwa kama kompaundi za mashirika: wenye beji ndani, sisi wengine nje ya seng'enge.

Najua mtanirushia Yakobo na sura yake ya 2. Mliolelewa PCEA mtanikumbusha Ungamo la Westminster la karne ya 17, ambalo katika sura ya 16 linafundisha kwamba matendo mema huimarisha uhakika wa mwamini. Wakatoliki nao wana Mtaguso wa Trento, ambao mwaka 1547 ulikataa kabisa wazo la mtu kujua bila shaka yoyote kwamba yuko kwenye neema. Hawa si watu wa kupuuzwa, na sipingi kwamba imani iliyo hai hutenda. Wale wanaosema "niliokoka tarehe fulani" kisha wakaendelea kupunja watu kwenye mizani, sina neno la kuwatetea.

Ninachopinga ni kumgeuza jirani kuwa kioo.

Soma Mathayo 25 polepole. Wale wanaokaribishwa kwa kuwa walilisha na kuvika wanashangaa. Hawakumbuki! Wanauliza ilikuwa lini. Hakuna aliyekuja na daftari. Sasa rudi sura ya 7 ya kitabu hicho hicho, utawakuta wenye orodha ndefu: unabii, pepo waliotolewa, miujiza kibao. Hao ndio wanaoambiwa waondoke. Kama uhakika ungetokana na kuhesabu, sura hizo mbili zingebadilishana mwisho.

Na sisi wa Dagahaley tunamjua mtu anayehesabu. Tumepigwa picha za kutosha. Unamwona anakupa mche wa sabuni huku macho yake yako kwa kamera, na ukimtazama vizuri unagundua si wewe anayekuona. Anajiona yeye akitoa. Mhubiri anayesema "toa ili ujue umeokoka" anafanya kitu kile kile, ila kamera ameiweka moyoni. Njaa yangu inakuwa cheti chako.

Linganisha na basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, washambuliaji walilisimamisha karibu na El Wak wakitaka abiria Wakristo watengwe. Waislamu waliokuwemo wakakataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sitamgeuza kuwa Mkristo wa siri. Alikuwa Mwislamu na imani yake ni yake. Nasema tu kwamba pale ndani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujipima. Kulikuwa na binadamu mwenzako kwenye kiti cha pembeni, na bunduki mlangoni.

Sasa yule mama ashike nini? Ashike kile kile alichoshika siku ya kwanza: kwamba kuna aliyemfia kabla hajafanya lolote, zuri wala baya. Ukitaka mtu anayeelewa kupokea bila kuwa na cha kulipa, usimtafute Nairobi. Ila neema haifanani na mgao kwa kila kitu. Wafadhili wakichoka, kilo zinapungua. Hilo tumeliona kwa macho. Neema haingoji bajeti ya Geneva. Ukimfundisha mama huyu kwamba nayo hupunguzwa mtu asipoonyesha matokeo, umemhubiria shirika, hujamhubiria Kristo.

Jumapili iliyofuata nilienda kwake kumweleza haya yote, Mathayo na Trento na kila kitu. Nikamkumbusha pia kwamba nilishamwona akimpimia jirani yake Msomali vikombe viwili vya unga, mgao ukiwa umebaki siku tatu.

"Unga gani?" akauliza.

Nikamweleza ni lini.

"Aa, ule. Yule si ni jirani?" Akainuka kuchochea moto. "Na wewe umeongea sana. Umekula?"